Maskati au Ujerumani: ulinganisho kwa anayemaliza chuo Zanzibar

Muhula wa mwisho ukianza, mazungumzo ya wanafunzi wa vyuo vya Tunguu na Mbweni huhamia safari. Nani kapata viza, nani ana shangazi Maskati, nani anavuka kwenda Dar kusoma Kijerumani. Nchi zinazotajwa ni nyingi, ila njia ambazo mhitimu wa Unguja au Pemba anaweza kuzipanga kwa dhati siku hizi naziona mbili: Oman, ambako tuna damu na ndugu, na Ujerumani, ambako wengi wetu hatuna mtu lakini sheria zimelegezwa kwa wafanyakazi wa nje tangu mwaka 2020, na zaidi mwaka 2024. Ninazilinganisha kwa ajili ya kijana aliyebakiza miezi michache kuvaa joho, na kwa wazee wake watakaoombwa nauli.

Karibu kila mtu huanza na mshahara. Mimi ningeuacha nyuma kidogo. Swali ninaloliweka mbele ni hili: siku utakapokosana na tajiri wako, yaani aliyekuajiri, ukaazi wako utakuwa mkononi mwa nani? Ukishalijibu hilo kwa kila nchi, mengi yanayobaki yanakuwa mepesi kuyapima.

Kabla ya kuondoka

Maskati ni karibu. Safari ya ndege huchukua saa tano hivi, na saa yao imetutangulia kwa saa moja tu. Baada ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilihamia huko, na mpaka leo ukiingia duka au ofisi ya Maskati unaweza kujibiwa kwa Kiswahili cha Ng'ambo au cha Wete. Maandalizi yake si mazito: paspoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, vipimo vya afya, mkataba, kisha viza ambayo tajiri ndiye anayeiomba huko kwao. Hakuna mtihani wa lugha. Mtu anaweza kuamua mwezi wa Shaabani na Idi ikamkuta Maskati.

Ujerumani inadai muda. Lugha ndiyo mzigo mkubwa: madaraja yake huanza A1 na kupanda A2, B1, B2, C1 hadi C2, na kutoka sifuri hadi B1 ni kazi ya karibu mwaka kwa anayesoma kila siku huku akiwa na masomo mengine, na B2 ni miezi mingine juu yake. Goethe-Institut, taasisi ya lugha ya Kijerumani, ipo Dar es Salaam, inafundisha na kutoa mitihani, kwa hiyo hesabu na nauli ya boti na chumba cha kupanga, au soma kwa mtandao ukiwa nyumbani na uvuke kwa ajili ya mtihani tu. Kisha vyeti vitafsiriwe na kuthibitishwa, na chuo chako kitazamwe katika anabin, hifadhidata ya Wajerumani inayoorodhesha vyuo vya dunia. Chuo chenye alama ya H+ kinatambuliwa. Ukihitaji barua rasmi inayoilinganisha shahada yako na za kwao, ada yake ni euro 208. Viza yenyewe ni euro 75. Kuanzia somo la kwanza la A1 hadi kupanda ndege, weka mwaka mmoja na nusu. Anayekuahidi miezi mitatu usimpe hata nakala ya cheti chako.

Ukifika, shahada yako inahesabiwa nini?

Hapa ndipo mtaa unapokosea zaidi kuhusu Oman. Tunasikia habari za kazi, kwa hiyo tunadhani kuna kazi za wasomi. Oman ina vijana wake wanaomaliza vyuo na kukosa ajira, na kwa miaka mingi serikali yao imekuwa ikizifunga kazi za ofisini kwa wageni ili wapate wao. Januari 2018 walisimamisha viza mpya kwa kazi 87 katika sekta binafsi, zikiwemo za uhasibu, masoko, utawala, bima na kompyuta. Orodha ya kazi ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya imeendelea kubadilika, na mara nyingi inarefuka. Fani ambazo vijana wetu wengi wanazisomea ni hizo hizo.

Matokeo yake nimeyaona yakijirudia kwa vijana wa watu. Mtu ana shahada ya biashara, anaahidiwa kazi ya duka kubwa au ofisi, na viza inapotoka imeandikwa mfanyakazi wa ndani. Akiuliza, anaambiwa watabadilisha akishafika. Usikubali, hata kama anayesema ni mtu unayemheshimu. Oman ilipitisha sheria mpya ya kazi mwaka 2023, na ni sheria yenye faida kwa mfanyakazi: saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki, siku mbili mfululizo za mapumziko, likizo ya siku 30 kwa mwaka, na siku 98 za likizo ya uzazi. Wafanyakazi wa ndani hawamo katika sheria hiyo. Wana kanuni zao peke yao. Neno moja kwenye viza linaamua ni sheria ipi inayopima saa zako za kazi.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walieleza paspoti kuchukuliwa, mishahara kuzuiwa na kazi isiyokuwa na siku ya kupumzika. Siyo kila nyumba iko hivyo. Wapo dada zetu wa Micheweni na Makunduchi waliokwenda, wakatendewa kwa wema, wakajenga na kusomesha wadogo zao, na kazi yao ni ya heshima kabisa. Ninachokipinga ni msomi kuingizwa huko bila kujua, akiwa amewaaga watu kwamba anakwenda ofisini.

Kwa Wajerumani, shahada inapita katika moja ya milango mitatu, na mlango unategemea fani yako.

Fani zinazosimamiwa na sheria, kama uuguzi, udaktari na ufamasia, lazima zitambuliwe rasmi. Muuguzi aliyemaliza Mbweni atapeleka vyeti, na mara nyingi ataambiwa kuna upungufu fulani. Upungufu huo huzibwa kwa mafunzo ya muda hospitalini au kwa mtihani, na leseni hutolewa akiwa na Kijerumani cha B2. Akishapita hapo, yeye ni muuguzi kamili kwa jina na kwa mshahara.

Fani zisizosimamiwa, kama kompyuta, biashara na hoteli, zina kadi ya fursa, Chancenkarte kwa Kijerumani, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Inakupa mwaka mmoja wa kuwa Ujerumani ukitafuta kazi, na ruhusa ya kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati unatafuta. Unahitaji shahada inayotambuliwa nchini mwako, msingi wa lugha, na pointi 6. Tumfanyie hesabu mhitimu wa miaka 24 ambaye hajawahi kuajiriwa. Kuwa chini ya miaka 35 ni pointi 2. Kijerumani cha B1 ni pointi 2. Kiingereza cha C1 ni pointi 1. Jumla 5, hazijatosha. Akipanda hadi B2 anapata 3 za lugha na kutimiza 6. Fani yake ikiwa katika orodha ya kazi zenye uhaba, anapata nyingine 1. Na akiwa amefanya kazi ya fani yake miaka 2 katika 5 iliyopita, hizo ni pointi 2. Hii ya mwisho nitairudia, kwani ndiyo inayonifanya nishauri ninavyoshauri.

Kikwazo cha kadi hiyo ni fedha. Mwaka 2025 walitaka uoneshe euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani 13,092 kwa mwaka, katika akaunti ya zuio ambayo hutoa kiasi cha mwezi tu. Ni zaidi ya shilingi milioni 30. Ukiwa tayari na mkataba wa kazi ya saa chache huko, unaweza kupunguza mzigo huo, lakini familia nyingi za hapa haziwezi kuubeba, na sioni sababu ya kuuza shamba la mikarafuu kwa ajili ya mwaka wa kutafuta.

Mlango wa tatu ni Ausbildung, mafunzo ya kazi ya miaka 3 ambayo unasoma huku unalipwa. Mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali ya umma hupata zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Hoteli na mikahawa nayo ina mafunzo yake. Mwenye shahada huumia kusikia kwamba ataanza tena na vijana wa miaka 17. Maumivu hayo nayaelewa. Lakini kwa asiyekuwa na milioni 30, huu ndio mlango unaofunguka, na akitoka anashika cheti cha Kijerumani ambacho hakuna mwajiri wa huko atakayekihoji.

Ukaazi mkononi mwa nani

Mpaka mwisho wa 2020, mgeni aliyemaliza mkataba Oman hakuweza kuhamia kwa tajiri mwingine bila barua ya ruhusa ya yule wa kwanza. Tangu 1 Januari 2021 barua hiyo haidaiwi tena kwa aliyemaliza mkataba wake. Ni mabadiliko makubwa na yanastahili kusifiwa. Katikati ya mkataba, hata hivyo, bado kafili, yaani tajiri aliyekuombea viza, ndiye mwenye neno. Ukiondoka bila ya ridhaa yake anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, na ukishaandikwa hivyo unaweza kukamatwa na kurudishwa nyumbani. Kuhusu paspoti, sheria ya 2023 inamkataza tajiri kukaa nayo isipokuwa mfanyakazi ameridhia kwa maandishi. Basi soma kila karatasi unayopewa kutia saini siku ya kwanza, maana ridhaa hiyo inaweza kuwa imo ndani yake.

Ujerumani ukaazi wako umefungwa zaidi na fani kuliko mtu. Aliye katika mafunzo, yakivunjika bila ya kosa lake, anapewa hadi miezi 6 ya kutafuta mahali pengine. Aliyemaliza Ausbildung na kufanya kazi ya fani yake miaka 2 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na aliyekuja na shahada ya nyumbani iliyotambuliwa ni miaka 3, pamoja na masharti ya lugha na michango ya pensheni. Msimamizi akikukasirikia Jumatatu, Jumanne bado una haki ya kuwepo nchini. Kwangu mimi tofauti hii inashinda mia mbili au mia tatu za mshahara.

Kuna jambo la ndugu ambalo lazima nilisemee kwa urefu, kwa sababu linaihusu Maskati peke yake. Nguvu yetu Oman ni ujamaa, na ujamaa huo huo ndio unaotufanya tusiandikiane. Ami anamjua mtu, mtu anamjua tajiri, na kijana anasafiri kwa maneno. Kudai mkataba kwa ami kunaonekana ni utovu wa adabu, kama kwamba humwamini. Mambo yakiharibika, ami hana karatasi ya kukutetea nayo, na mama yako hawezi kumlaumu kaka yake. Pande zote zinaumia kimya kimya. Sema mapema, kwa heshima zote: "Ami, nakushukuru sana kwa kunihangaikia. Naomba mkataba unifikie kabla sijakata tiketi, niwaoneshe wazee, na paspoti nitakaa nayo mwenyewe." Ami anayekutakia kheri hatachukia, na utakuwa umempa naye sababu ya kumbana huyo tajiri.

Kwa upande wa mawakala, tahadhari ni kwa nchi zote mbili. Aliyeko hapa muulize kibali chake, kisha ukakihakikishe Kamisheni ya Kazi Zanzibar, siyo kwa rafiki yake. Na kwa wa fani za afya kuna jambo ambalo wengi hawalijui: Shirika la Afya Duniani limeiweka Tanzania katika orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wafanyakazi wa afya, na kanuni za Ujerumani zinaruhusu wakala wa serikali yao tu wa ajira kwenda kuajiri katika nchi za orodha hiyo. Wewe binafsi huzuiwi kuomba kazi moja kwa moja hospitalini. Wakala binafsi anayekusanya wauguzi Unguja kwa ada, huyo ndiye wa kuogopwa.

Sasa mshahara

Oman haikati kodi ya mapato kwenye mshahara. Mwaka 2025 walitunga sheria ya kodi ya asilimia 5 itakayoanza 2028, kwa wanaopata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, ambao si wahitimu wapya. Riali imefungwa na dola kwa kiwango cha dola 2.60 tangu 1986, kwa hiyo unachotuma kina uthabiti, na mara nyingi makaazi ni ya tajiri. Mtu anaweza kuanza kutuma nyumbani mwezi wa pili. Kitu cha kutazama ni namna mshahara ulivyogawiwa. Tuseme umeahidiwa riali 250, na ndani ya mkataba mshahara wa msingi ni 120 na 130 ni posho. Kiinua mgongo cha kuondokea, ambacho kwa sheria hakipungui mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka, kitahesabiwa kwa zile 120.

Ujerumani makato ni mazito: kodi, bima ya afya, pensheni, karibu theluthi kwa asiyekuwa na familia anayelipwa mshahara kamili. Kima cha chini cha saa ni euro 13.90 tangu Januari 2026. Chumba Munich kinakula sehemu kubwa ya posho ya mwanafunzi, Leipzig au Chemnitz kidogo. Miaka mitatu ya mwanzo usiwaahidi wazee zaidi ya kidogo cha sikukuu. Baada ya hapo hali hugeuka, na makato yale yanakurudia: ukiugua unatibiwa, na ukihama Ulaya moja kwa moja unaweza kudai michango yako ya pensheni baada ya miezi 24.

Pia mkopo wa elimu ya juu hauishii uwanja wa ndege. Upange katika bajeti ya nchi yoyote.

Maisha yenyewe

Maskati utasikia adhana, utakula biriani, na Idi utavaa kanzu bila kueleza kwa nini. Joto la kuanzia Mei si mchezo. Sheria inazuia kazi za nje kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana katika miezi ya Juni hadi Agosti. Ujerumani utakutana na giza la saa kumi jioni mwezi wa Disemba na upweke ambao simu haiumalizi. Misikiti ipo katika kila mji wa kiasi, nyama ya halali ipo kwa Waturuki, na Ramadhani kwa miaka hii inaingia majira ya baridi, funga ikawa fupi. Binti aliyevaa hijabu atapata kazi hospitalini, ila aulize mapema. Waajiri hawako sawa.

Uraia ni mada ya mbali, lakini wengi huuliza. Ujerumani inauruhusu baada ya miaka 5 na tangu Juni 2024 haikutaki uache wa kwanza. Sheria yetu ndiyo isiyoruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mwenye shamba la urithi Konde au kiwanja Fuoni alifikirie hilo kabla ya kula kiapo.

Uingereza na Dubai

Kwa ufupi. Uingereza ilifunga tarehe 22 Julai 2025 njia ya kuwaajiri walezi wa wazee kutoka nje, kwa hiyo anayekuuzia viza hiyo leo anakuibia. Muuguzi aliyesajiliwa bado ana njia, kwa alama 7 katika IELTS, mtihani wa Kiingereza, na mitihani miwili ya baraza lao la wauguzi. Akipoteza kazi huwa na siku 60 za kupata mwingine wa kumdhamini. Dubai, kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa, na sheria yao inakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kuajiriwa.

Na kubaki miaka miwili kwanza?

Wengi huiona hii kuwa ni kushindwa. Mimi naiona ndiyo njia yenye nguvu kwa mhitimu asiyekuwa na fani ya afya. Mwaka 2022 Serikali ya Zanzibar ilipandisha kima cha chini cha watumishi wa umma hadi shilingi 347,000. Si fedha za kujenga. Lakini rudia hesabu ya pointi. Kijana wa miaka 26 mwenye miaka 2 ya kazi ya fani yake na Kijerumani cha B1 tu ana 2 za umri, 2 za kazi na 2 za lugha. Ameshatimiza 6 bila ya B2. Ikiwa kazi hiyo ni mapokezi ya hoteli Nungwi au Paje, Kijerumani anakisema kila siku na wageni, bure. Tena anakuwa na barua ya mwajiri, jambo ambalo hata Maskati linabadilisha mazungumzo, kwani aliyewahi kufanya kazi ya fani yake haandikiwi viza ya ndani kirahisi.

Ipi kwa nani

Muuguzi, mkunga au mtaalamu wa maabara: Ujerumani, na anza Kijerumani ukiwa bado chuoni, kwani lugha ndiyo itakayokuchelewesha. Usipitie kwa wakala binafsi.

Uliyesoma utalii au hoteli: miaka miwili hapa hapa, pwani ya kaskazini au mashariki, kisha amua kati ya Ausbildung na kadi ya fursa kwa kutazama akiba yako.

Uhasibu, biashara, utawala: Maskati iwapo viza imeandika fani yako na mkataba umeushika mkononi. Pasipo hayo, tafuta nyumbani au bara na ujenge uzoefu.

Na yule ambaye nyumbani kuna mgonjwa au wadogo wa kusomesha, na fedha zinatakiwa mwaka huu, siyo mwaka wa nne: Oman ndiyo itakayokufaa, na sitakwambia usiende. Kabla ya kuondoka, acha nakala ya mkataba, ya paspoti na ya viza kwa mama. Andika jina kamili la tajiri na mtaa anaokaa, na nambari ya ubalozi wetu Maskati uihifadhi kwenye simu na kwenye karatasi pia, kwa sababu simu huweza kuchukuliwa.